Gari Kuukuu na Kisirani Chake: Fundi wa Mwembeni, Gereji ya Mashine, au Wewe na Mita Yako?

Gari yangu ni Corolla 110 yenye injini ya 5A. Iliteremshwa bandarini Malindi, hapa Unguja, ikiwa imeshazeeka huko kwao Japani, nami nikaizeesha zaidi. Mwaka juzi ikaanza kisirani. Asubuhi inawaka kwa mguso mmoja, inakwenda vizuri mpaka jua lipande, kisha nikikaribia Bububu inakata ghafla kama mtu kazima swichi. Napaki kivulini, nakunywa dafu taratibu, nikirudi baada ya dakika ishirini inawaka kana kwamba hapakuwa na jambo. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha chujio la petroli, nikanunua na pampu ya mafuta. Gari ikaendelea kuzimika, tena na pampu mpya. Muuza madafu akawa ananiita kwa jina.

Jawabu la kisa hiki litakuja, maana kila mmoja wa hawa watatu ninaowalinganisha alitia mkono wake humo. Kwa sasa nieleze nilichojifunza kwa gharama: katika gari kuukuu, pesa nyingi huliwa na kubahatisha kuliko matengenezo yenyewe. Kwa hiyo swali la nani fundi hodari nimeliweka pembeni. Ninalojiuliza ni ugonjwa huu uanzie kwa nani.

Tupime kwa lipi

La kwanza ni kugundua: anaonaje ugonjwa, na ugonjwa wa aina gani humpita. La pili ni gharama ya kujua, ambayo wengi tunaisahau kwa sababu imejificha ndani ya bei ya spea. Fundi akikwambia "tia pampu mpya tuone", hiyo "tuone" ndiyo gharama ya kujua, na umeilipa kwa bei ya pampu. La tatu ni muda na spea. Sisi watu wa visiwani; kitu kisichopatikana mjini kinamsubiri mtu wa Gerezani, Kariakoo, kule Dar es Salaam, akitie kwenye boti, na aliye Wete au Micheweni, Pemba, anasubiri safari ya pili juu ya hiyo. La nne, kosa likitokea linamwangukia nani.

Halafu kuna umri wa gari, ambao huamua mengi kabla hujamwita mtu. Marekani ililazimisha tundu moja la kupimia magari yote, liitwalo OBD-II, kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa gari mpya za petroli 2001. Gari nyingi tunazoziendesha hapa ziliundwa kwa soko la Japani lenyewe, na sheria hizo hazikuwahusu. Ndiyo maana unaweza kukuta Toyota ya miaka ya 90 ina tundu lile lile chini ya usukani, waya unaingia sawasawa, na bado mashine na gari hazielewani lugha. Gari za baadaye kama IST, Probox au Passo huwa rahisi zaidi kusomeka.

Fundi wa mwembeni

*Kugundua.* Huyu, mwenye gereji yake chini ya mti, anapima kwa sikio, pua na kiganja, na katika mambo ya chuma hana mpinzani. Ukikata kona kali ukasikia ta-ta-ta-ta upande wa tairi, hata hajasimama kwenye kigoda keshakwambia ni sivijointi, kiungo cha ekseli inayozungusha tairi. Gari ikigonga "ko" kwenye matuta, anatia mtaimbo kwenye mkono wa tairi, anautingisha, anakuonyesha bushi iliyochanika au boljointi inayocheza. Anafungua kifuniko cha oili. Akikuta ute mweupe kama uji wa maziwa anatikisa kichwa, kwa sababu maji yameingia kwenye oili na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, inashukiwa. Nimemwona mzee mmoja akinusa moshi wa eksozi, akasema "hii inakula oili, na wewe unajua, hukuniambia tu." Kweli nilikuwa najua.

Kinachompita ni ugonjwa usiokuwapo mbele yake. Gari inayozimika Bububu na kufika kwake ikiwa nzima inamwacha akikisia. Umeme nao, hasa sensa na waya, wengi wao huutibu kwa kubadilisha kimoja baada ya chengine mpaka kimojawapo kipate.

*Gharama ya kujua.* Mara nyingi bure. Anakutazamia gari, anakwambia, unampa ya soda. Ila ubure huo ni wa magonjwa anayoyajua. Asiyoyajua yanageuka kuwa "tuone", na hapo ndipo mimi nilipopata pampu mpya nisiyoihitaji.

*Muda na spea.* Hapa anawashinda wote. Anajua nani ana distributa (kifaa kinachogawa moto wa plagi) ya mtumba, nani kachinja gari gani wiki iliyopita, na atapanda bodaboda akailete. Kama haipatikani atakuchongea, na hilo ni neema na balaa kwa pamoja.

*Kosa likitokea.* Hakuna karatasi, hakuna dhamana. Kuna uso wake na wako. Kwa fundi wa mtaa mmoja nawe hilo si dogo, maana mtakutana msikitini. Kwa fundi wa mbali ni sawa na hakuna.

*Anamfaa nani.* Mwenye gari ya zamani yenye ugonjwa wa kusikika au kuonekana, anayeweza kukaa pale akaangalia kazi. Ukimwachia ufunguo ukaondoka, usishangae kukuta thamostati, kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, imetolewa. Wanaitoa kwa nia njema, ati nchi yetu ya joto. Lakini injini isiyofika joto lake kompyuta yake hudhani bado ni baridi, inaendelea kumimina petroli, na wewe unabaki kulalamikia bei ya mafuta.

Gereji ya mashine

*Kugundua.* Mashine nzuri inafanya zaidi ya kusoma namba za kosa. Inakuonyesha injini ikiwa hai: joto la maji, hewa inayoingia, mchanganyiko wa petroli, silinda ipi inamisi, yaani inakosa kuwaka. Kwa ABS, eabegi na giaboksi ya otomatiki ya kisasa, sijui njia nyengine ya maana.

Shida ni namba inayosomwa kama hukumu. Chukua P0171, ambayo maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Fundi wa haraka anaisoma, anakuuzia sensa ya eksozi. Kumbe sensa ilikuwa ikisema kweli tupu, na mwizi ni kipira cha vakyumu kilichopasuka nyuma ya injini, kinachovuta hewa isiyopimwa. Mpira wa miaka ishirini kwenye joto letu unakatika kama biskuti. Fundi makini akipata namba hiyo anapulizia dawa ya kusafishia kabureta pembezoni mwa vipira, injini ikiwa imewaka na bado baridi. Mngurumo ukibadilika, amepapata. Kwa hiyo ukifika gereji yenye mashine, muulize fundi atakachofanya baada ya kusoma namba. Akisema "tunabadilisha", rudi nyumbani ukafikiri.

*Gharama ya kujua.* Unalipa kupimwa hata kama hakuna kilichoonekana. Mimi nililipa kuambiwa gari "haiongei". Sikuipenda siku ile, ingawa kwa haki walitumia muda wao, na hawakunitia spea hata moja. Kwa gari inayosomeka, ada hiyo ni nafuu kuliko sensa moja ya kubahatisha.

*Muda na spea.* Kuna foleni, na wengi wao wapo mjini, Unguja. Spea huagiza kwa namba kamili, kwa hiyo inayokuja mara nyingi ndiyo. Lakini inakuja kesho kutwa.

*Kosa likitokea.* Kuna risiti na kuna pahala pa kurudi. Omba waandike namba za kosa kabla na baada ya kazi. Kufuta namba na kuizima taa ni kazi ya dakika moja, na taa iliyozimwa bila kutibiwa hurudi baada ya siku chache.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari ya miaka ya 2000 kuja juu, taa ya injini imewaka, au gari ina tabia isiyoelezeka kwa sauti wala harufu.

Wewe mwenyewe na mita

*Kugundua.* Usicheke. Wewe ndiye pekee uliyekuwapo gari ilipozima. Ukiwa na mita ya umeme ya bei ndogo, tochi na daftari, unaweza kuondoa nusu ya maswali kabla ya kumwona fundi.

Anza na betri. Imelala usiku kucha, pima: volti 12.6 ni imejaa, 12.2 ni nusu. Washa gari, pima tena: kati ya 13.8 na 14.5 jenereta inachaji. Ikibaki 12 na kitu, betri mpya haitakusaidia. Kisha kipimo ninachokipenda kuliko vyote, hasa kwa gari zinazolala Nungwi, Paje au Jambiani, ambako upepo wa bahari unakula kila shaba: weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyengine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wako wa ethi umeoza. Stata ngapi zimeuzwa kisiwani kwa sababu ya waya ule mmoja!

Kwa Toyota za miaka ya 90 kuna siri nyengine. Fungua boneti, tafuta kiboksi kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna vitundu vyenye majina. Chukua kipande cha waya, unganisha TE1 na E1, kisha fungua swichi bila kuwasha injini, utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, haina kosa iliyolihifadhi. Ikiwa nalo, inahesabu: inapepesa kwa makumi, inapumua, inapepesa kwa mamoja. 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya throto, 31 ni ya hewa. Hakikisha tu unaunganisha vitundu viwili hivyo na si vyengine.

Jirani yangu ndiye aliyenionyesha hayo, jioni moja, tumeinama kwenye Corolla yangu na tochi ya simu. Taa ikapepesa mara moja. Ikapumua. Ikapepesa mara nne. 14: kompyuta haipati jibu kutoka kwenye kifaa kinachorusha moto wa plagi, ambacho kwa injini yangu kimo ndani ya distributa. Miezi yote ile gari ilikuwa ikisema, ila gari ikizimika njiani taa zote za dashibodi huwaka pamoja, nani ataiona moja?

*Gharama ya kujua.* Mita, na kwa gari za karibuni kisomeo kidogo cha kuunganisha na simu. Ukishanunua ni chako. Gharama nyengine ni kichwa chako: kujifunza kunachukua muda, na mtu mwenye haraka hujifunza vibaya.

*Muda na spea.* Kupima unapima usiku barazani kwako. Spea ni tabu, kwa sababu muuza duka akimwona mgeni wa mambo anampa iliyopo.

*Kosa likitokea.* Lako lote. Na hapa sina mzaha: usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, na usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yale yamo chini ya shinikizo, yanaruka usoni yakichemka.

*Inamfaa nani.* Mtulivu, mwenye gari moja anayokusudia kukaa nayo, na asiyeona haya kusema "hapa nimefika mwisho". Mwalimu, mhasibu, mama wa nyumbani mwenye Vitz yake, yeyote. Asiyependa kuchafuka mikono asijilazimishe.

Tukirudi kwenye magonjwa

Ikiwa gari inachemsha, anza mwenyewe, asubuhi, injini baridi. Maji yapo? Mpira wa kifuniko umekauka? Washa uone feni inaingia joto likipanda. Kisha subiri ipoe kabisa, fungua kifuniko, washa, tazama: mapovu yakitoka bila kukoma, usipoteze pesa kwenye rejeta, nenda kwa fundi ukazungumzie gasketi ya hedi. Thamostati ukitaka kuijua, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni. Nyingi zimechongwa nyuzi 82 au karibu na hapo, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka wazi. Waombe radhi wenye jiko.

Na angalia unachotia. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yake ni magumu, na karibu na pwani yana chumvi. Ule ukoga mweupe ulio chini ya birika lako ndio huo huo unaojipaka ndani ya rejeta, njia zinaziba moja moja, mpaka siku gari inachemsha na fundi anakuta rejeta sehemu moja moto na nyengine baridi. Rejeta ya namna hiyo fundi wa mwembeni ataifungua na kuizibua vizuri kuliko mtu yeyote, ikiwa ni ya shaba. Zile zenye vichwa vya plastiki ni bora ununue. Ukimaliza, tia kuleanti, maji maalumu ya kupozea injini. Ukikosa, tia maji yaliyotoneshwa (distilled) ya dukani au ya mvua uliyoyakinga safi.

Gari haiwaki asubuhi: mita kwanza, kabla ya simu kwa mtu yeyote. Inagonga, inalia, inavuta upande mmoja: moja kwa moja kwa fundi wa mwembeni, na ukae naye. Breki nazo kwake, au gerejini, lakini kama hujawahi kufungua breki usijifunzie kwenye gari inayobeba wanao.

Taa ya injini kwenye gari ya karibuni: kisomeo chako kwanza kama unacho. Tuseme imeandika P0301, silinda ya kwanza inamisi. Hamisha koili ya kwanza, ile inayotia moto plagi, uipeleke ya tatu, futa, endesha. Namba ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu na umejua bila kununua kitu. Isipohama, angalia plagi, kisha gereji ya mashine. Giaboksi ya otomatiki inayochelewa kuingia gia, pima oili yake kwa utaratibu wa gari husika, halafu nenda kwenye mashine. Mwembeni wengi hawaipendi kazi hiyo na wenye ukweli watakwambia.

Gari ya biashara, teksi au ya kubebea wageni, hesabu yake nyengine. Siku moja kulala ni hasara, kwa hiyo hata mimi ninayependa kupima ningempigia fundi aliye karibu na spea, nikalipa kidogo zaidi. Mwenye gari ya kwendea kazini na daladala zinapita mlangoni ana nafasi ya kusubiri gereji.

Zile zinazozimika na kuwaka zenyewe zinataka wote watatu. Yangu iliisha hivi: namba 14 niliipata kwa waya. Nikampelekea mzee, naye hakuiamini karatasi yangu. Alitaka kuona. Tukaendesha mpaka ikazima, akachomoa waya wa plagi, akauchomeka kwenye plagi ya zamani aliyoiegemeza kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Hakuna cheche. Tukakaa, ikapoa, nikapiga tena: cheche ya buluu. "Sasa nimesadiki," akasema, na jioni akaja na distributa ya mtumba mfukoni mwa kanzu. Pampu yangu ya zamani niliichukua tena kwenye boksi lake, bado nzima, ipo stoo.

Walio Pemba wana la ziada. Barabara za vilima zinamaliza klachi na breki mapema, na kosa la spea ni safari nzima ya boti. Kabla ya kuagiza, piga picha ya spea ya zamani upande wenye namba, picha ya plagi ya waya wake na idadi ya pini, na picha ya kibati cha chesisi kilichopo ndani ya boneti. Zitume zote tatu, na mwambie anayenunua akurudishie picha ya atakachokinunua kabla hajatoa pesa.